Baba Ndani ya Kinanda

Juzi niliona kinanda cha umeme, nyaya nje nje, kwenye dirisha la duka la mitumba hapa ughaibuni, Saint-Gilles, na ghafla nikasikia harufu ya kabichi.

Hivyo ndivyo kilivyonukia chumba cha Oksana, jirani yetu Mukraine wa ghorofa ya juu, alasiri moja ya utotoni Mama aliponituma nimrudishie bakuli. Oksana alibonyeza kitufe cha kinanda chake, nacho nyaya nje nje, kilichohifadhi sauti. Mashine ikanguruma, na juu ya ngurumo akaimba kikongwe.

“Baba,” akasema akionyesha spika, machozi yakimlengalenga.

Baba gani ana sauti ya kike? Nikadhani mashine imemharibia sauti. Lakini kama wake alikuwa humo, basi na wangu, tuliyemzika Mwanza, angenisikia. Nikasogelea maikrofoni ya kinanda.

“Baba! Ni mimi, Neema!”

Oksana akanikumbatia akilia, sauti yangu ikirudi-rudi katikati ya wimbo. Mama akatukuta hivyo.

“We Neema, unamwita nani?”

“Baba.”

Mama akaketi kwenye ngazi, kanga usoni.

Ukubwani nilijua kwamba kwa Kiukraine neno “baba” ni bibi, mama wa mzazi. Oksana alihama akiamini nilimwita bibi yake. Sisi wakati ule hatukujua kuna la kumsahihisha. Aliyeniitikia siku ile, kwa kweli, alikuwa yule bibi, kwa wimbo wake.