Kisu Kisicho na Mwenyewe

Wenye mifuko hawakumenya ndizi, na waliomenya ndizi hawakuwa na mifuko. Ukiniuliza leo kwa nini visu vile havikununuliwa nitakujibu hivyo na kunyamaza. Lakini wakati ule nilikuwa msichana nyuma ya kaunta ya duka la kijiji, Buganguzi, na kila mteja aliyevikataa alikuja na sababu yake, nami nilitakiwa kuzisikiliza zote.

Vilikuwa visu vya kukunja. Mpini ulikuwa wa plastiki nyekundu, na bapa lilijificha ndani yake. Nyuma kulikuwa na kipete kidogo ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha nini. Vilikuja katika boksi la mbao lililojaa mpaka juu, pamoja na chumvi, sukari na mafuta ya taa. Enzi hizo maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefungwa, na bidhaa za kijiji zilitoka kwenye ghala huko Bukoba mjini. Mara nyingi ghalani hukuchagua, ulipokea ulichopewa. Visu hivi lakini havikulazimishwa. Baba mkubwa alivichagua mwenyewe.

Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na huyu kaka yake ndiye aliyebaki na sauti nyumbani kwetu, kwa hiyo nilikuwa chini yake mara mbili, kama mwanakijiji na kama mtoto. Alisimulia mwenyewe jinsi mtu wa ghala alivyokifungua kisu kwa ukucha, bapa likatoka likimetameta, kisha akakifunga, tak. Basi, akakipenda. Alikuwa mwanamume wa Kihaya aliyekula ndizi kila siku ya maisha yake na hakuwahi kumenya hata moja. Kwetu mwanamume ana muhoro wake, lile panga la kichwa kilichopinda la kusafishia migomba, na mambo ya kumenya hayamhusu. Huyo ndiye aliyewachagulia wanawake wa kijiji kizima kisu. Sasa nacheka, lakini wakati ule sikucheka hata kidogo, kwa sababu ya cherehani.

Mama mdogo wangu alikuwa fundi cherehani Rwamishenye, Bukoba mjini. Msichana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameolewa, na kiti chake kilikuwa wazi. Akaniita nikakae kwake nijifunze kushona. Sikuwa nimewahi kukitaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Ila siku hizo mtu hakuondoka kijijini hivihivi kwenda kukaa mjini, angeitwa mzururaji na kurudishwa. Ilibidi mwenyekiti akubali. Nikaenda kwake nikapiga magoti.

“Shikamoo, Baba mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za cherehani. Ni jambo zuri. Duka nimwachie nani?”

“Wapo wenzangu waliomaliza la saba, waitu,” nikamjibu kwa neno letu la heshima.

“Wapo. Lakini siwezi kumkabidhi mtu boksi limejaa namna ile, atasema tumemtwisha mzigo wetu. Visu viishe, uende.”

Akalirudia hilo kwenye mkutano wa kijiji, watu wakapiga makofi, nami nikajua nimefungwa. Baba mkubwa hakuwa mtu wa kurudisha neno alilolisema mbele ya watu. Tena nilielewa jambo jingine ambalo hakulisema. Kuniacha niende na boksi limejaa kungekuwa kukiri kwamba visu vyake havifai.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja jirani, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chochote. Alikuja na ndizi yake mbichi kwapani, maana kwetu huwezi kununua kisu kwa kukitazama. Akaketi chini kwenye mlango wa duka akajaribu kukifungua. Kucha zake zilikuwa zimekwisha kwa kazi za shamba, zikateleza. Nikamfungulia.

“Mae! Kwa hiyo kila nikitaka kupika nije dukani unifungulie?”

Akaanza kumenya. Anayemenya ndizi husukuma, kisha hupindua mkono. Alipopindua, kisu kikajifunga chenyewe, kikamng'ata kidole. Akakiweka chini polepole, akakitazama kama anavyotazamwa mbwa asiye na shukrani, akafyonza damu, akaenda zake na ndizi yake iliyomenywa nusu. Kabla ya jioni wanawake wote wa upande ule wa kijiji walikuwa na habari.

Wengine walikuja hata hivyo, nadhani kwa ajili ya kucheka. Mmoja alifaulu kumenya bila kung'atwa, lakini utomvu ukaingia kwenye kiungo, na alipotaka kukifunga kikagoma. Mwingine alipitisha bapa kwenye jiwe la kunolea akasema chuma ni laini, kitaisha kabla ya mwaka. Mwingine akaniuliza swali ambalo nilikuja kulifikiria sana baadaye, “Hiki nikikunja nikiweke wapi?” Alikuwa amevaa gauni na kitenge. Kisu chake cha nyumbani kilichomekwa kwenye majani ya paa la jiko, na hakuna mtu aliyewahi kukitafuta.

Wanaume ndio waliokuwa na mifuko, kwa hiyo nikawageukia wao. Walinijibu kama nimewatukana. Mzee mmoja aliniambia kwamba mwanamume akienda kunywa rubisi na wenzake, muhoro wake anauacha mlangoni mahali ambapo kila mtu anauona. “Sasa mimi niketi na watu, kumbe nina kisu kimejikunja mfukoni? Kikianguka nitasema nilikuwa nakwenda kumfanya nini nani?” Mwalimu wa shule alikataza wanafunzi wasivisogelee. Katekista alikigeuza geuza, akakisifu, akakirudisha. Alisema rangi ni nzuri.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa kaka yangu, mtoto wa Baba mkubwa. Mchana alikuwa akikaa kwenye benchi la kibarazani pangu akitafuna kahawa kavu, na kila siku alichungulia ndani na kuuliza, “Dada, vimetaga?”

“Nunua kimoja basi, una mifuko mikubwa.”

“Ninunue nimenye nini? Mama yupo.”

Mama yupo. Na siku akioa, mke angekuwepo. Nilimchukia kaka yangu kwa jibu lile, nikamchukia zaidi kwa sababu lilikuwa kweli, hakuwa na haja ya kisu na hangekuwa nayo mpaka anazeeka. Nilikaa nyuma ya kaunta nikitazama njia ya kwenda Bukoba. Asubuhi nilifungua duka, jioni nikalifunga, na boksi likawa palepale chini ya mzani. Nilipaka viungo vya visu mafuta ya kula. Nilivipanga dirishani. Nilishika kisu kimoja nikakifungua na kukifunga, tak, tak, mpaka mama akaniambia niache, sauti ile inamtia kichaa.

Siku moja niliona nimepata ujanja. Nilimwambia Baba mkubwa tuweke sharti, anayetaka sukari achukue na kisu. Sukari ilikuwa ikigombaniwa, visu vingekwisha mara moja.

Alikasirika kweli. “Huo ni ulanguzi! Unataka niwanyonye watu wangu? Uza kwa kuwaelimisha.”

Nikawaelimishe nini? Kwamba vidole vyao havikujua raha ya kung'atwa? Nilitoka nikalia migombani, ambako hakuna anayekuuliza unalia nini. Kutoka Rwamishenye mama mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba kiti bado ni changu, lakini wateja wanaongezeka na hawezi kungoja sana. Jumapili kanisani, wengine walipoombea wagonjwa na mvua, mimi niliombea visu. Niliomba viishe.

Vikaisha. Jeshi la Uganda lilipovuka mpaka na kuingia Kagera, vijana wa vijiji vyetu waliitwa wajiunge na mgambo. Walikusanyika kwenye uwanja wa shule wakingoja lori, na kutoka hapo wakaja dukani. Nilidhani wanataka sigara. Wa kwanza akaonyesha boksi kwa kidole.

“Nipe kimoja.”

“Huna ndizi ya kujaribia?”

Akacheka, ila si sana. “Dada, huko ninakokwenda nani atanimenyea?”

Akakitumbukiza mfukoni bila hata kukifungua, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Nilianza kuwaambia wa karibu kwamba kinang'ata na kwamba utomvu unakigandisha, wakaitikia tu huku wakinyoosha mikono. Wanaume walewale wasiotaka kuonekana na kisu mfukoni walikuwa wakisukumana kwenye kaunta yangu. Kabla lori halijafika kikabaki kimoja tu, kile kilichomng'ata bibi, ambacho nilikuwa nimekitenga kiwe cha kuonyeshea.

Baba mkubwa akaingia. Sikuwahi kumwona akinunua kitu mwenyewe, sikuzote alimtuma mtu.

“Kimebaki?”

“Hiki, waitu. Ni kibovu kidogo.”

“Kaka yako ameandikishwa,” alisema, ingawa nilikuwa najua. Akakipokea akajaribu kukifungua kwa ukucha. Kiligoma. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye pua, na nikaona kwamba tangu siku ile ya ghalani hakuwahi kukishika. Nikakichukua nikamfungulia.

“Kina shida gani?”

Kisu cha mwisho kilikuwa mkononi mwangu, na kikitoka hapo nami nilikuwa nimetoka. Nikamwambia yote. Ukipindua mkono kinajifunga. Utomvu unaingia kwenye kiungo. Chuma ni laini, akinoe mara kwa mara. Alisikiliza kila neno kama mteja. Nadhani hakuna aliyewahi kumweleza, maana mwenyekiti haambiwi mambo ya kumenya.

“Sasa atakitumiaje? Hajui hata kumenya.”

Nikachukua kamba ya mgomba iliyofungiwa chumvi, nikaizungusha kwenye kiungo bapa likiwa wazi, nikakaza kwa meno mpaka kisiweze kujifunga tena. Nikamwonyesha jinsi ya kusukuma na kupindua. Akaniigiza, mwenyekiti wa kijiji, akimenya hewa mbele ya kaunta. Mkono wake ulikuwa mgumu kabisa.

“Niache nikamwonyeshe,” akasema. Mlangoni akageuka. “Visu vimekwisha. Nenda kwa mama yako mdogo.”

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nilikuwa nimeomba viishe, wala siku hata moja sikusema viishe kwa namna gani. Lori lilipoondoka nilimwona kaka yangu amesimama nyuma, kisu kimechomekwa mkandani. Hakunitania.

Kesho yake nilifunga kitenge changu na nguo zangu chache, nikasimama barabarani kungoja gari lolote la kwenda Bukoba. Watu walikuwa wakipita kwa miguu kutoka huko, na magodoro, na kuku, na watoto mgongoni. Mwanamke mmoja akaniuliza nakwenda wapi. Nilipomjibu alinitazama kwa huruma akaendelea na safari yake.

Mchana ukiwa umeiva nikamwona mama mdogo. Alikuwa peku, amejitwisha kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka, shingo imenyooka kwa uzito. Nikamkimbilia nimpokee, akakataa mpaka tulipofika dukani. Hapo akakitua kwenye kaunta, akajifuta uso, akatazama dirisha, mzani na boksi tupu.

“Kasogeze hilo boksi nikalie,” aliniambia, “na wewe rudi nyuma ya kaunta. Tutashonea hapa.”