Safu ya Mwambani

Namshukuru Baba yetu wa Mbinguni, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili, na ambaye mbele yake walio hai na waliolala ni watoto wale wale. Anisaidie nisiongeze wala nisipunguze.

Usiku ule nililala nikiwa na hasira, jambo ambalo mtu wa umri wangu na imani yangu hapaswi kulifanya. Mchana wake nilikuwa nimekwenda kwa Mwadime, mtoto wa baba yangu mkubwa, kumwambia kwamba wiki iliyofuata ningesafiri kwenda hekaluni kubatizwa kwa niaba ya babu yetu Mwakio. Mwadime ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Kifua kinamsumbua, akisema maneno machache, hukohoa mara nyingi.

"Kumbe ninyi Wamormoni mnabatiza hata maiti," aliniambia.

"Hatubatizi maiti, kaka. Aliye hai anaingia majini kwa jina la aliyekufa, ili naye apate mlango."

"Babu yetu alikuwa anakimbia hata rasharasha. Leo unataka kumzamisha?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, hakuwa anacheka tena. "Na akikataa?"

"Ana hiari yake. Hakuna anayelazimishwa, hata huko."

"Basi kamuulize kwanza, mchuuzi wa makaburi wewe."

Niliondoka bila kuaga.

Wazee wetu wa Taita walikuwa na desturi ambayo vijana wa leo huisikia kama hadithi ya kutisha. Mtu mzima alipokufa alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu lake likatolewa kwa heshima na kupelekwa kwenye pango la ukoo, chini ya mwamba, likawekwa kando ya fuvu la baba yake. Hapo ndipo waliposema amefika. Zamu ya babu ilipowadia, baba yangu alikuwa amekwisha kuingia dini ya wamisheni, na alikataza kaburi lisiguswe. Babu akabaki peke yake kaburini, kwenye migomba. Upande wa Mwadime haujasahau mpaka leo.

Mimi niliamini nimepata dawa ya jeraha hilo. Kanisa letu linafundisha kwamba hakuna anayekamilika peke yake. Watoto na wazazi huunganishwa hekaluni, kizazi kwa kizazi, na kifo hakikati kamba hiyo. Nilichoogopa ni kimoja tu, na Mwadime alikigusa kwa kidole: kwamba babu angekataa, akakosa safu ya baba zake na akakosa pia nyumba ya Mungu.

Katika ndoto ilikuwa mchana, jua jeupe lisilo na joto. Nilikuwa nimeketi nyumbani, lakini sakafu ya saruji ilikuwa imegeuka udongo wa nyumba ya zamani. Babu alisimama mlangoni. Alikufa nikiwa mtoto mdogo, sura yake siikumbuki vizuri, ila nilimjua kwa kile kidole gumba chenye ukucha uliopasuka, alichokuwa akichotea ugoro. Udongo ulikuwa umemganda mpaka shingoni, mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo.

"Karibu, babu."

Hakuingia. Aliutazama mlango kama mtu asiyejua unavyofunguliwa, ingawa ulikuwa wazi.

Kisha hatuko nyumbani. Niko ndani ya kisima cha ubatizo, nimevaa nyeupe, na babu yuko majini pamoja nami. Nauinua mkono wangu wa kulia, nasema maneno ninayoyajua kwa moyo, namshika mgongoni na kumlaza. Maji yanakuwa mekundu kwa udongo. Namwinua, na hainuki. Navuta tena. Kitu kinakuja juu, chepesi kuliko mtu, na maji yanapotiririka naona kwamba nililoinua ni fuvu lake, na meno mawili ya mbele hayapo.

Sikupiga kelele. Katika ndoto ile nilielewa kwamba nimefanya kazi ambayo baba yangu aliikataa, na kwamba sasa lazima niimalize.

Napanda mlima nikiwa nimelikumbatia kifuani. Nguo zangu nyeupe zinachuruzika maji mekundu kwenye mawe. Pangoni ni kimya. Wazee wamepangwa safu moja, baba kando ya mwana, wengine wameota ukungu wa kijani. Wote wamegeuzwa wakitazama ukuta. Kati yao pana pengo moja. Karibu na pengo hilo pana nafasi nyingine mbili, zimefagiliwa. Sikuuliza ni za nani.

Namweka babu kwenye pengo lake. Hapo ndipo anaposema, na sauti yake ni ya mtu aliyechoka tu, wala haina ukali.

"Nimefika. Sasa unataka kunipeleka wapi tena?"

"Nyumbani kwa Mungu, babu."

"Na hawa?"

"Majina yao siyajui."

"Nani anayajua?"

"Mwadime."

"Anakohoa," alisema.

Ndipo nikasikia nyuma yangu kikohozi cha Mwadime, mbali, kikishuka bondeni, kikififia.

"Baba yako aliniacha nje ya safu hii," babu akasema. "Wewe usinitoe ndani yake. Mlango wako ni mzuri, mjukuu wangu, nimeuona. Sitaingia peke yangu."

Nikageuka nimkimbilie Mwadime, na miguu ikazama katika udongo mpaka magotini, mpaka kiunoni. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha uji.

"Baba Mghoi, umekumbatia nini?"

Mikono yangu ilikuwa imefungwa kifuani, na ilinichukua muda kuifungua.

"Safari ya hekaluni tuiahirishe," nilimwambia. "Naenda kwa Mwadime."

"Aliyekutukana jana?"

"Huyo huyo."

"Kunywa uji kwanza. Huwezi kugombana ukiwa na njaa."

"Siendi kugombana."

Alinitazama, akaniletea koti.

Nilimkuta Mwadime uani, amejifunika blanketi juani. Nilimsimulia ndoto yote isipokuwa zile nafasi mbili, nikamwomba anitajie majina ya walio pangoni. Hakucheka. Mwishowe aliingia ndani akatoka na kibuyu cha pombe ya miwa, kwa maana wazee wetu hawasemi na waliolala kabla ya kuitoa hasira moyoni: mtu huchukua funda, akalipuliza kama umande, akatamka kwamba hasira imeondoka. Desturi hiyo huitwa kutasa. Nami nilikumbuka kwamba hata sisi, kabla ya kupewa kibali cha kuingia hekaluni, huulizwa tunavyoishi na watu wa nyumba zetu.

Mwadime alikitazama kibuyu, akanitazama.

"Wewe hugusi hii."

"Sigusi, kaka. Kanisani kwetu pombe hatunywi."

Akakirudisha ndani, akatoka na maji. Tulipuliza, yeye kwanza, mimi nikafuata. Alisema, "Kama nina hasira na mtoto wa baba mdogo, iondoke." Nami nikasema yangu. Kisha alikohoa mpaka nikamshika mabega, na mifupa yake ilikuwa myepesi mikononi mwangu.

"Wako wengi," alisema alipopata pumzi. "Sijui kama kifua hiki kitawamaliza. Kaa karibu, sitapaza sauti."

Nikasogeza kigoda. Akafumba macho, akaanza kutaja majina, kwanza la baba wa babu yetu Mwakio.

Ewe unayesoma, Bwana akupe pumzi ya kuwauliza wazee wako wangali wanaweza kujibu, akuondolee hasira kabla jua halijazama, na siku utakapoitwa, usiingie peke yako. Amina.