Kabari ya Fundi Wigand

Jirani yangu Wigand Stelzer hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa seremala, na hakuweza kuona kabari ya kukazia mbao imelegea akaipita.

Mti wa kunyongea, kule nje ya lango, ulikuwa umeoza. Seremala akiugusa peke yake ananajisika, na chama cha maseremala kinamfukuza. Kwa hiyo baraza la mji likawatoa maseremala wote pamoja, kwa ngoma, wakautengeneze. Meya akapiga nyundo ya kwanza, kisha kila fundi akapiga yake, asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole. Waliporudi, Wigand akakumbuka amesahau shoka lake. Akalifuata. Huko akaona kabari moja imechomoza, akaigonga.

Na mjinga huyo, Mungu anisamehe, akaenda kuwasimulia wenzake kwenye bia!

"Umeigonga peke yako?" akauliza Ortlieb, mkuu wa chama.

"Ilikuwa imelegea, mkuu. Ningeiachaje?"

"Ungeiacha, bwana! Sasa wewe si mwenzetu. Hata ukifa, hatukubebi."

Hilo la kubebwa ndilo lililommaliza. Baba yake na babu yake walipelekwa kaburini na chama, wamefunikwa kitambaa chake chekundu. Yeye angetupwa nje ya ukuta. Watu wakaacha kumpa mkono, hata kinyozi akakataa kumnyoa.

Kisha akaanza kuisikia kabari ile. Ko, ko. Akila anaisikia, akisali anaisikia. "Kunne, umesikia? Inalegea tena." Mkewe akawa anamwambia ni upepo, mpaka siku alipokuja kwangu mbio.

"Gisla mwenzangu, leo nimeisikia na mimi."

"Acha upuuzi," nikamwambia, na tangu hapo nikaogopa kuingia kwao.

Kunne akaenda kulipigia baraza magoti: wawatoe mafundi tena, kila mmoja aigonge kabari ile ile, yaishe. Baraza likasema mambo ya chama ni ya chama. Chama kikasema mti ni wa baraza. Nilitamani kuwachapa wote.

Asubuhi moja ya ukungu Wigand akaenda kuing'oa kabari, alirudishe pigo lake. Boriti iliyokuwa ikishikiliwa na kabari hiyo ikamwangukia, akafa papo hapo.

Hakuna fundi aliyethubutu kumtoa. Alilala pale, kunguru wakimzunguka, mpaka baraza likaamuru mti ujengwe upya. Wakaja wote, kwa ngoma. Boriti ilikuwa nzito, ikabidi waishike wote kwa pamoja, kisha wamvute mwenzao, huyu mguu, huyu mkono. Ortlieb alishika kichwa. Kwa kuwa wote walimgusa, hakuna aliyenajisika. Na kwa kuwa hakuna aliyenajisika, haikubaki sababu ya kumwacha. Mtu mmoja akatumwa kuleta kitambaa chekundu, wakambeba.

Kunne alitembea nyuma yao, macho makavu.

"Kumbe mlikuwa mnaweza," akawaambia.

Ortlieb akamwashiria mpiga ngoma aongeze sauti.