Kishimo Kwenye Jiwe la Wahu

Gathii hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani alikagua hereni za waliokaa mbele yake, aone kama fedha imelishika jiwe sawasawa. Kitale walimjua: akikwambia pete yako itakuwa tayari Ijumaa, usiulize Ijumaa ya mwezi gani.

Kazi yake ilikuwa kukata mawe na kuyafunga kwa fedha, na moja lilimnyima raha kuliko yote: yaspi ya kijani yenye mshipa mwekundu uliopindapinda kama barabara ya kupanda Kapsokwony. Mkewe, Wahu, alilifukua shambani Kiminini akivuna viazi, akiwa na mimba ya Lorraine. Wakusanyaji wa mawe adimu walimbembeleza Gathii sana, akakataa kuliuza. Alikuwa amemwahidi Wahu kidani. Sasa Lorraine alikuwa anaolewa Bungoma Jumamosi, na kidani bado.

Tatizo lilikuwa kishimo kidogo kama punje ya wimbi, kando ya mshipa. Kila mwaka Gathii alilirudisha jiwe kwenye mashine akisage, na kila mwaka mshipa nao ulikonda. Kufikia Ijumaa asubuhi ulikuwa umebaki uzi tu. Alijua akisaga tena huenda ukapotea wote. Mkono ukaenda kwenye swichi hata hivyo. Mtu mzima huyo!

Lakini jiwe halisagwi bila maji, litapata moto lipasuke. Akainua dumu. Lilikuwa tupu.

"Maji iko wapi?"

"Nimeoshea mboga ya sukuma," Wahu akajibu mlangoni. "Baba Lorraine, funga hiyo jiwe, bana. Ama niende harusi shingo tupu?"

Akalifunga kwa hasira, kishimo na yote.

Bungoma hakusikia mahubiri hata neno. Macho yake yote yalikuwa kifuani pa mkewe. Wakwe walipokaribia kuwasalimu, akamnong'oneza, "Geuza kidogo. Hiyo shimo inaonekana."

Wahu akamshangaa. "Si ni hapa jembe yangu iligonga? Ilitoa cheche, nikashtuka, mtoto akapiga teke. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilisikia Lorraine akicheza."

Miaka ishirini na sita, na Gathii hakuwahi kuuliza. Akanyoosha kidole akikitafuta kishimo, lakini alikuwa amekisaga mno, kidole hakikuhisi kitu. Ilibidi Wahu amshike mkono amwonyeshe kilipo.