Sura ya Tano Niliyoiruka

Nilipofika katika kijiji kile kati ya Nzega na Ziba nilikuwa mchungaji wa mwaka mmoja tu, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko sanduku langu la vitabu. Nilizaliwa Itetemia, pembezoni mwa Tabora. Wazee wangu walifanya kazi na kuishi jirani na mafundi na wafanyabiashara Waislamu wa mjini, kwa hiyo tangu utotoni nilizoea kuulizwa maswali kuhusu dini yangu. Nilidhani hakuna swali lililobaki duniani la kunikamata.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kwa amri ya serikali kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari, kila nyumba kumi na balozi wake. Kanisa lilikuwa banda la nyasi lenye kuta zilizokandikwa nusu na magogo ya kukalia. Nilikuta waumini wamezoea wahubiri wa kupita, kila mmoja na habari yake aipendayo. Mmoja alihubiri mwana mpotevu, aliyemfuata naye akahubiri mwana mpotevu. Nikaamua kuchukua Injili ya pili, iliyo fupi kuliko zote nne, na kuihubiri tangu neno la kwanza hadi la mwisho, Jumapili baada ya Jumapili, bila kuchagua. Nilitaka imani yao ishibe, isiwe ya kudokoadokoa. Niliwatangazia hivyo kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Sikujua. Wafugaji na wakulima wale, wakipewa habari kwa mpangilio, huisikiliza kama shauri barazani, na shauri lina maswali. Baada ya ibada hawakuondoka. Inakuwaje, waliuliza, mama mkwe wa mvuvi yule alale na homa ndani ya nyumba ya mume wa binti yake? Kwao mkwe hata njiani humpisha mkwewe, sembuse kulala chini ya paa moja. Nilijaribu kueleza desturi za Galilaya ambazo mwenyewe sikuzijua vizuri. Jumapili nyingine ikaja habari ya watu wanne waliotoboa dari ili wamshushe mgonjwa mbele ya Bwana. Mama mmoja akasimama akauliza ni nani aliyeezeka tena nyumba ile. Paa lake mwenyewe lilikuwa limeng'olewa na viongozi wakati wa kuhama. Mwenyekiti wa kijiji, aliyeketi gogo la mbele, aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Nilicheka moyoni, kisha nikaanza kuogopa.

Msikilizaji aliyenivutia kuliko wote hakuingia ndani. Alikuwa mzee mfugaji aliyekuja na kigoda chake, akakiweka nje ya mlango na kutega sikio. Hakuwa Mkristo. Mkewe alibatizwa tangu usichana, na kwa miaka mingi aliomba jambo moja tu, kumwona mumewe akibatizwa kabla yeye hajafa. Nilipomuuliza mzee ana maoni gani, alinijibu bila haraka.

"Mchungaji, mimi nimekuwa mzee wa baraza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sitoi uamuzi shauri likiwa nusu. Hao waliokutangulia walikuja na maneno ya katikati. Wewe umesema utaanza mwanzo ufike mwisho. Ukifika, nitakuambia."

Nilifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi wa kweli. Kila Jumapili nilipofungua kitabu nilijikuta nikimtupia jicho kwanza, nijue leo ameshika nini.

Ndipo tukafika sura ya tano. Hapo kuna mtu mwenye pepo wengi aliyekaa makaburini. Yesu akawatoa, nao wakaingia katika kundi la nguruwe kama elfu mbili, likatelemka likazama baharini. Niliisoma nyumbani Jumamosi, nikaona kabisa litakalotokea. Watu hawa ng'ombe wao wengine walipotea njia wakati wa kuhama na hawakuonekana tena. Wangeuliza mwenye kundi alisemaje, na aliambiwa nini. Sikuwa na jibu. Tena mwenyekiti angekuwa pale gogo la mbele, na viatu vyake. Nikajiambia kwamba hata hivyo nguruwe si mnyama wa huku, waumini hawatapungukiwa kitu. Jumapili nilisoma kuanzia katikati ya sura, habari ya binti wa mkuu wa sinagogi, nikaihubiri kwa moto mwingi. Woga wangu niliuita busara.

Ibada ilipokwisha mzee alinisubiri mlangoni. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza pale shuleni kila alasiri. Herufi zilikuwa bado zinamsumbua, lakini namba hazikumpa taabu mtu aliyezoea kuhesabu mifugo. Mkononi alikuwa na kitabu cha mkewe.

"Namba ya nne uliimaliza Jumapili ile," alisema. "Ya tano leo umeanza katikati. Hapa juu pana nini?"

"Ni habari fupi, mzee. Tutairudia siku nyingine."

Alikitazama kitabu, akanitazama mimi. "Si fupi. Nimeipima kwa kidole."

Alibana kigoda chake kwapani akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza, maana kanisa lilijaa vilevile. Kumbe nilikuwa nimezoea kuhubiri nikiuelekea mlango.

Juma la tatu nilipata habari kuwa mkewe anaumwa. Nilimkuta amelala, kifua kinambana, amekonda usoni. Mganga wa zahanati alikuwa ameshamwambia mumewe asitarajie mengi. Mama yule alinishika mkono.

"Baba mchungaji, mmalizie mzee habari yake. Sina muda mrefu. Njoo hapa kila siku, usingoje Jumapili."

Nilimgeukia mzee, nikamwambia niko tayari, nitakuja kila alasiri, sura moja kwa siku, tuendelee pale tulipoishia.

"Hapana," alisema. "Shahidi akishikwa ameruka maneno, shauri huanza upya. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Anza sura ya kwanza."

"Mzee, mama anaumwa."

"Namwona. Wewe ndiye uliyeruka, si mimi."

Mama hakumbishia mumewe. Alifumba macho tu, nikaona amekwisha kufanya hesabu yake. Nikaanza sura ya kwanza.

Siku hizo nazikumbuka kwa furaha, na naona haya kusema hivyo. Mama alisikiliza kwa udadisi mwingi kuliko mumewe. Kumbe naye, pamoja na miaka yake yote ya Ukristo, hakuwahi kuisikia ikisomwa kwa mfululizo. Alishangaa kuona wanafunzi walivyokuwa wazito wa kuelewa, akacheka mpaka akakohoa. Siku ya tano tulifika kwenye nguruwe. Nilisoma lote, hata pale watu wa nchi ile wanapomsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Mzee alisogeza kigoda chake karibu.

"Mwenye kundi aliambiwa nini?"

"Haikuandikwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui, mzee. Niliogopa utaniuliza, ndiyo maana niliruka."

Aliinua nyusi. "Ulilolificha ni hilo tu? Kwamba hujui? Mimi nilidhani Yesu wenu kafanya jambo la aibu na wewe unamfichia." Kisha akanyoosha kidole kitabuni. "Endelea."

Tuliendelea. Siku ambayo ingekuwa ya sura ya kumi na tatu, nilisikia kilio kabla sijafika uwanjani kwao. Mama alikuwa amefariki mchana. Sura nne tulirudia, na sura nne zilibaki. Sikuhitaji kisomo kuijua hesabu hiyo. Kama nisingaliwaogopa nguruwe, angalisikia neno la mwisho, na huenda angalimwona mumewe akibatizwa. Nililia pale njiani peke yangu, kisha nikafuta uso nikaingia.

Tulipotoka kuzika, mzee aliniita mbele ya waombolezaji. "Kitabu unacho? Basi kaa hapo. Shauri halijaisha."

Nilisoma matangani kwa siku nne. Walisikiliza Wakristo, majirani Waislamu, na ndugu wa wafiwa kutoka Ziba wasiokuwa na dini hii wala ile, huku wengine wakiwatafsiria wazee kwa Kisukuma. Siku ya nne nikafika pale wanawake wanapokuta kaburi tupu, wakakimbia kwa hofu, wasimwambie mtu neno lolote. Nilipotaka kuendelea na mistari iliyobaki, mzee aliinua mkono.

"Hawakumwambia mtu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi wewe umejuaje?"

Watu wakacheka, ingawa palikuwa matangani. Nami nilicheka, maana sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu kwamba bila shaka walisema baadaye, hofu ilipopungua, na kwamba wenyewe ndio waliosimulia kuwa kwanza waliogopa.

Alitikisa kichwa polepole. "Nimekaa barazani miaka mingi. Mwongo hajisingizii woga. Malizia hayo yaliyobaki, halafu nitoe langu."

Nikamalizia. Akasema ameridhika, atabatizwa.

Nilimfundisha miezi kadhaa, na hakuna somo alilolipokea bila kuligeuza na kulitazama chini. Siku ya ubatizo aliingia ndani ya kanisa kwa mara ya kwanza, akapiga magoti. Nilikuwa nimekwisha kuchota maji aliponizuia mkono, akaninong'oneza.

"Yule mama wa nyumbani kwangu atajua kwamba nimekubali?"

Waumini wote walikuwa wanatutazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, jibu zuri la mchungaji, na yeye alikuwa ananikazia macho.

"Sijui, mzee," nilisema. "Natumaini."

Aliuachia mkono wangu. "Haya," alisema, akainamisha kichwa.