Pedali Yangu Ilivyoungua Katikati ya Sadaka

Bado nina hasira, na ubaya ni kwamba sina wa kumkasirikia. Mimi hupiga gitaa la besi kanisani kwetu Waithaka, na nina pedali mbili za kubadilisha sauti. Kubwa inatumia volti kumi na nane, ndogo volti tisa. Jumapili iliyopita, watu wakitoa sadaka, ndogo ikafuka moshi na besi ikanyamaza. Nilimvamia Wambui, dada wa mitambo ya sauti, mbele ya kanisa zima.

"Stima yenu imeniunguzia pedali! Nani ameguza waya zangu?"

"Hakuna mtu ameguza, Brother Musa. Si ulichomeka mwenyewe asubuhi?"

"Unanifundisha kazi? Nimepiga besi miaka kumi!"

Nilifoka mpaka pasta akasimama. Wambui, maikrofoni ya matangazo ikiwa bado mkononi, alichomoa adapta ya umeme kwenye ile pedali ndogo, akanionyesha maandishi yake: volti kumi na nane. Kisha akaipindua pedali. Chini kulikuwa na karatasi niliyobandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nikiwakomesha wapigaji wengine. Akalisomea kanisa lote, polepole:

"Volti tisa pekee. Kama hujui kusoma, usiguze."