Sinema ya Bura Ilivyonyimwa Watu

Nakumbuka siku moja ya mnada, mwanangu, jenereta ya Sinema ya Bura inanguruma, mkalimani anaita mlangoni mpaka sauti imemkauka, na watu wamejaa uwanjani kama kawaida. Ila hakuna aliyeingia. Kaa hapo nikuambie, maana nimesikia ninyi vijana mnalipiga picha lile jengo na kuandika kwenye simu zenu kwamba sinema iliuawa na televisheni. Nani amewadanganya? Televisheni ilikuja ikakuta jengo limejaa magunia ya mahindi.

Sinema ile haikuwa ya serikali wala ya misheni. Bura aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na mabati, hapa chini ya mlima, watu wakimcheka kwamba anajenga zizi la kufugia vivuli. Siku za mnada madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na jua likiwa kali nje, mle ndani mkawa na giza. Wafugaji wa Getanuwas waliacha fimbo zao mlangoni, wakulima wa Mogitu wakaacha vikapu vyao, wakabanana kwenye benchi moja watu ambao huko nje walikuwa wakigombania malisho. Filamu zilikuwa za Kihindi na za ngumi. Gwandu, huyo mkalimani, alisimama pembeni ya kitambaa cha kuonyeshea picha akizitafsiri kwa Kiswahili, na kwa Kiiraqw pale alipoona wazee hawajacheka. Mama zetu walimlilia bibi harusi wa Kihindi kana kwamba ni binti wa jirani. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka tu kupata kipaimara, na nakuambia kweli, sijauona tena mji huu ukicheka pamoja namna ile.

Aliyeendesha mashine alikuwa Paskalina, mke wa Bura. Bura alikaa mlangoni akisalimia watu. Mkanda ukikatika, mikono iliyouunga ilikuwa ya mkewe. Ndiyo maana Bura alipougua akafia Haydom hospitalini, sinema ilikuwa bado inaweza kuendelea. Mwenye kazi alikuwa hai.

Sasa ninyi wa siku hizi metimani mnaisikia kwa mbali tu. Zamani mtu akifiwa na mume, au na mtoto, alitengwa kwa muda. Hachangii moto na jirani, hanywi kikombe kimoja na mtu, haendi penye mkusanyiko. Usiharakishe kutucheka. Watu walimwachia kuni na maji pale njiani karibu na kwake, na uchungu ukapata nafasi ya kupoa. Halafu jambo hilo lilikuwa na mwisho wake. Paskalina alikaa kwake mwaka mzima bila kunung'unika, sinema imefungwa. Mwaka ulipoisha wazee wakamtoa kwa taratibu zote, na mwinjilisti naye akamwombea kanisani. Akawa mtu kama watu wengine.

Ila shemeji yake, Sulle, alikuwa amekwisha kulitamani lile jengo liwe ghala lake. Hakugombana na mtu. Alipita kilabuni, akapita kwa waumini wakitoka ibadani, akinong'ona kwamba mama ametolewa lakini nyumba haijatolewa, na atakayekaa mle gizani atarudi kwake na kifo kwenye nguo. "Mwacha mila ni mtumwa," alimalizia kila mara, na nani wa kubishana na methali?

Basi siku hiyo ya mnada, ya kwanza tangu Paskalina atolewe, tukasimama uwanjani. Kila mtu anamtazama mwenzake atangulie. Hata yule mwinjilisti aliyemwombea alikuwepo, anautazama mlima kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Paskalina akatokea mlangoni, mikono ina mafuta ya mashine, akasema, "Karibuni jamani. Leo ni bure."

Hapo ndipo alipofika bibi yangu mzaa baba, anakuja taratibu na fimbo yake. Umati ukamwamkia, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Hakuitikia hata moja. Niliogopa, maana kwetu mzee akikunyima marahaba hilo si jambo la mchezo.

Akamgeukia baba yangu, aliyekuwa mmoja wa wazee. "Huyu mama mlimtoa au hamkumtoa?"

"Tulimtoa, mama."

"Sasa mnasimama nje mnangoja nini? Mila ilimtenga, mila ikamrudisha. Hii mnayoshika leo siyo mila, ni woga, na kuna mtu anaulisha huo woga wenu. Mnamfahamu." Sulle akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. "Mimi nilizika mume na watoto wawili kabla sijaolewa tena. Nilitengwa, nikatolewa. Kama watu wangenifanyia mimi hivi, wewe unayeniita mama ungezaliwa wapi?"

Bibi akaingia peke yake. Mimi nikapiga hatua nimfuate, baba akanishika mkono mpaka nikaumia. "Subiri wengine waanze," akasema.

Filamu ikaonyeshwa kwa ajili ya bibi kizee mmoja. Tukiwa nje tulimsikia Gwandu akitafsiri kila neno bila kuruka, sauti ya jambazi, sauti ya bibi harusi, na bibi yangu akicheka peke yake mle ndani. Hakuna aliyemfuata mpaka jenereta ikazimwa.

Paskalina hakufungua tena. Sulle akapata ghala lake, na wazee waliojua haki wakakaa kimya. Mama yule akahamia Haydom, akawa anapikia ndugu wa wagonjwa wanaoshuka kwenye mabasi. Na watu wa mji huu walipougua walikwenda huko huko, wakanawa maji aliyowamiminia, wakala ugali wake, wala hakuna aliyeuliza habari za metimani. Baba yangu alikula huko. Alirudi akasifu kwamba yule mama anapika vizuri. Sikumsamehe neno lile hata tulipomzika, na uchungu wake ninao hadi leo. Usiniambie, bibi, samehe.

Sasa shika maneno haya, mwanangu. Ukiandika habari za jengo lile, andika kwamba tuliliua sisi, tena kwa kusimama tu. Mila ina kumtenga mtu na ina kumrudisha. Anayekutajia ya kwanza na kuificha ya pili ana lake jambo, mchunguze. Na mtu akisharudishwa, usingoje wengine. Wengi wape, wanasema, lakini usiwape jirani yako. Nenda kwake ukiwa peke yako, kaa, kula, cheka kwa sauti, wakusikie walio nje.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, ng'ombe wako wazae, watoto wako wakuzike wewe na siyo wewe uwazike wao. Na siku msiba utakapofika kwako, asikosekane mtu wa kuingia wa kwanza.